Homa Ikishuka, Kaa Macho: Historia ya Kidingapopo na Mishipa ya Damu

(MUZIKI WA KIPINDI, SEKUNDE 15, KISHA UNASHUKA TARATIBU)

MTANGAZAJI:

Popote mlipo, iwe ni Nyarugusu, Kakuma, Dadaab au Nakivale, karibuni tena katika kipindi chetu. Kama kawaida, tunachukua jambo moja la afya na kulifuata nyuma katika historia, ili tujue watu waliotutangulia walijifunza nini, na walijifunza kwa gharama gani.

Leo naomba tuanze na mama mmoja na mtoto wake. Tuseme mtoto ana miaka saba. Kwa siku tatu amekuwa na homa kali. Kichwa kinamuuma, macho yanamuuma kwa ndani, viungo vyote vinamuuma. Siku ya nne asubuhi, mama anamgusa kwenye paji la uso. Joto limekwisha! Anamshukuru Mungu, anachukua dumu lake, anakwenda kwenye foleni ya maji. Mchana anaporudi, anamkuta mtoto amelala kimya. Mikono na miguu ni ya baridi. Tumbo linamuuma. Akipewa uji, anatapika. Mama anamgusa tena paji la uso, na homa haipo. Basi anajiambia, "Amechoka tu, ngoja apumzike."

Ndugu msikilizaji, saa hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote zilizopita. Mama huyu ni wa mfano tu, lakini yaliyompata yamewapata wazazi wengi sana katika nchi nyingi, na hata madaktari waliduwazwa nayo kwa miaka. Leo tunaeleza jinsi ilivyogunduliwa kwamba kirusi kinaweza kumwacha mtu bila homa, huku mishipa yake ya damu inavuja na moyo wake unahangaika. Ugonjwa wenyewe ni dengi, ambao wengi wetu tunauita kidingapopo.

(MUZIKI MFUPI)

Tuanzie karibu na nyumbani, kwa sababu jina hili lina historia yake katika lugha yetu.

Mwaka 1870, Unguja ilipatwa na homa iliyoenea mjini kwa kasi. Wakati huo alikuwepo Zanzibar daktari Mskoti aitwaye James Christie. Aliandika kwamba wenyeji waliuita ugonjwa huo kidinga pepo, na akaeleza maana yake kuwa ni mkazo wa ghafla unaomkamata mtu kana kwamba ameingiwa na pepo. Wazee walimwambia kuwa hawakuwa wageni wa homa hiyo, kwani ilikuwa imefika Zanzibar karibu miaka 50 nyuma, yapata mwaka 1823. Kutoka pwani yetu homa hiyo ilisafiri na vyombo vya baharini hadi Aden, kisha India. Wapo wasomi wanaoamini kuwa neno dengi linalotumika leo duniani kote lilitokana na neno hilo la Kiswahili, likavuka bahari hadi visiwa vya Karibi na kubadilika katika vinywa vya Wahispania. Wengine wanabisha. Lakini sisi tunaosema kidingapopo, tunatamka neno ambalo babu zetu walilijua.

Hapa kuna jambo la kuangalia. Wataalamu wa baadaye waliosoma maelezo ya Christie waliona kwamba huenda homa ya Unguja ilikuwa nyingine, ile inayoitwa leo chikungunya. Nayo ina jina la kwetu. Mwaka 1952 ililipuka katika wilaya ya Newala, kusini mwa Tanganyika, na jina lake limetoka kwa Wamakonde, likimaanisha kitu kinachompinda mtu, kwa sababu mgonjwa hutembea ameinama kwa maumivu ya viungo. Magonjwa haya mawili huletwa na mbu wa aina moja na huanza kwa kufanana. Kwa macho peke yake, hata daktari anaweza kuyachanganya.

Basi kwa zaidi ya miaka 150, sifa ya dengi ilikuwa ni hii: inauma sana, lakini haiui. Huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1780, daktari Benjamin Rush aliieleza homa ambayo watu waliiita homa ya kuvunja mifupa. Mwaka 1906, Thomas Bancroft wa Australia alionyesha kuwa inaletwa na mbu mwenye madoa meupe miguuni, anayeitwa Aedes, ambaye huuma mchana. Mwaka uliofuata, madaktari wawili wa jeshi la Marekani nchini Ufilipino, Ashburn na Craig, walionyesha kuwa kinachosababisha ugonjwa huu ni kidogo mno hata kinapita kwenye kichujio kinachozuia bakteria. Leo tunakiita kirusi. Na wote hao waliona kwamba mgonjwa huteseka wiki moja, kisha hupona.

(MUZIKI MFUPI)

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Katika Asia na visiwa vya Pasifiki, majeshi yalihama kutoka kisiwa hadi kisiwa. Meli zilibeba askari, matairi, mapipa ya maji, na mayai ya mbu ndani yake. Watu wengi walikimbilia mijini, wakaishi kwa kubanana, wakahifadhi maji katika mapipa. Virusi vilivyokuwa vimetengana vikakutana mahali pamoja. Watafiti walikuja kugundua kuwa kirusi cha dengi kina aina nne. Ukipata aina moja, mwili wako hujikinga dhidi ya aina hiyo kwa miaka mingi. Zile nyingine tatu bado zinaweza kukupata.

Mwaka 1953 na 1954, mjini Manila, Ufilipino, watoto walianza kulazwa na ugonjwa ambao madaktari hawakuujua. Walikuwa na homa, kisha madoa ya damu kwenye ngozi, kisha homa ilishuka, na baada ya hapo baadhi yao waliishiwa nguvu ghafla na kufa ndani ya saa chache. Mwaka 1958 ugonjwa huo ulifika Bangkok, Thailand. Zaidi ya wagonjwa 2,000 walilazwa, wengi wao watoto, na zaidi ya mmoja kati ya kila 10 alifariki.

Fikiria madaktari wale. Mbele yao yuko mtoto anayetoka damu puani au kwenye fizi, na anakufa. Jambo la kwanza linalokuja akilini ni kwamba anakufa kwa kupoteza damu. Lakini walipopima damu yenyewe, walikuta kinyume cha walichotarajia. Mtu anayevuja damu nyingi, damu inayobaki huwa nyepesi. Kwa watoto hawa damu ilikuwa inakuwa nzito. Ilikuwa kama mchuzi ulioachwa jikoni, maji yakapungua na vitu vizito vikabaki.

Swali likawa: maji yamekwenda wapi?

Jibu lilikuwa ndani ya miili yao. Majimaji yalikutwa yamejikusanya kifuani, kandokando ya mapafu, na tumboni. Yalikuwa ni maji ya damu, yale ambayo wataalamu huyaita plazima, yaliyotoka ndani ya mishipa bila mshipa wowote kukatika. Na hapo palikuwa na fumbo jingine. Walipochunguza mishipa ya waliofariki, kuta zake hazikuonekana zimeharibika kiasi cha kueleza kifo. Mishipa ilikuwa imelegea kwa muda mfupi tu, na kama mtoto angevuka saa hizo, ingejifunga yenyewe.

Ndugu msikilizaji, naomba hapa tuelewane vizuri, maana ndipo ulipo moyo wa kipindi cha leo.

Mshipa wa damu haufanani na bomba la plastiki. Ndani yake umezungushiwa utando wa chembe hai zilizopangwa moja kando ya nyingine kama vigae, na juu yake kuna tabaka laini kama ute. Tabaka hilo na utando huo huamua kipi kipite na kipi kibaki. Mtu mwenye dengi kali, kemikali za mwili unaopigana na kirusi huzilegeza chembe hizo. Na mwaka 2015, watafiti walionyesha kuwa hata kirusi chenyewe hutoa protini ndani ya damu, ambayo inaweza kuchubua tabaka lile na kufungua nafasi. Maji ya damu hupenya kwenye nafasi hizo.

Sasa moyo. Moyo ni pampu. Pampu hufanya kazi ikiwa kuna kitu cha kusukuma. Mishipa ikivuja, damu inayorudi kwenye moyo hupungua, basi moyo hupiga haraka haraka ili kufidia. Mwili nao huamua kuokoa ubongo na moyo kwanza, hivyo hupunguza damu ya mikono na miguu. Ndiyo maana mikono ya mtoto wetu ilikuwa ya baridi. Na wakati mwingine kirusi huufikia msuli wa moyo wenyewe na kuuvimbisha, ukasukuma kwa udhaifu au ukapiga polepole mno. Kwa wengi moyo hurudi katika hali yake baada ya siku au wiki. Lakini katika zile saa za kuvuja, moyo dhaifu na mishipa mitupu ni mzigo mmoja juu ya mwingine.

(MUZIKI MFUPI)

Je, kwa nini ugonjwa uliokuwa haui ukaanza kuua? Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Mmarekani Scott Halstead alikuwa akifanya kazi Bangkok. Yeye na wenzake waliona kuwa watoto wengi waliozidiwa hawakuwa wakiugua dengi kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mara ya pili, kwa aina nyingine ya kirusi. Kulikuwa na kundi jingine lililowashangaza, nalo ni watoto wasiofikisha mwaka mmoja, ambao walizidiwa ingawa ilikuwa mara yao ya kwanza. Watoto hao walikuwa wamezaliwa na kingamwili walizopewa na mama zao.

Halstead aliunganisha mambo hayo mawili. Kingamwili ni askari wa mwili. Askari waliofunzwa kumkamata adui wa aina ya kwanza humshika adui wa aina ya pili, lakini hawawezi kumuua. Badala ya kumzuia, wanampitisha mlangoni, anaingia ndani ya chembe kwa urahisi zaidi na kuzaana kwa wingi. Wengi hawakumwamini kwa haraka.

Ushahidi mkubwa ulitoka Kuba. Mwaka 1977 aina ya kwanza ya kirusi ilienea kisiwani humo, na watu waliugua kwa kiasi cha kawaida. Mwaka 1981 ikaingia aina ya pili. Katika miezi michache wagonjwa 344,203 waliandikishwa, na watu 158 walifariki, 101 kati yao wakiwa watoto. Mwaka 1997 aina ya pili ilirudi katika mji wa Santiago de Cuba. Safari hii waliozidiwa karibu wote walikuwa watu wazima, wale waliowahi kupata aina ya kwanza miaka 20 iliyopita. Watoto waliozaliwa baadaye, ambao hawakuwahi kuipata, waliugua kwa wepesi. Mwili ulikuwa umekumbuka kwa miaka 20.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wake. Mtu aliyehama anaweza kuwa ameumwa na mbu mmoja alikotoka na mbu mwingine anakoishi sasa. Hilo si kosa lake wala si aibu yake, maana hata yule ambaye hajawahi kuhama hufikiwa na kirusi kipya mlangoni kwake. Pwani ya Kenya iliona dengi huko Malindi mwaka 1982, kaskazini iliiona Mandera mwaka 2011, na Dar es Salaam ilikuwa na milipuko mwaka 2014 na 2019. Kwa hiyo ukiwa umewahi kuugua kidingapopo ukapona, usiseme, "Huu naujua, haunitishi." Mara ya pili inataka uangalifu zaidi kuliko ya kwanza.

(MUZIKI MFUPI)

Sasa habari njema, nayo pia ni ya historia.

Katika hospitali ya watoto ya Bangkok alikuwepo daktari mwanamke wa Kithai, Suchitra Nimmannitya. Kwa miaka mingi aliwahudumia watoto hawa na kuwaangalia kwa karibu sana, akafuata homa, mapigo ya moyo, mkojo na uzito wa damu. Aliona kuwa ugonjwa una ratiba. Siku za kwanza ni za homa. Kati ya siku ya tatu na ya saba homa hushuka, na hapo ndipo mishipa huvuja, kwa saa 24 hadi 48. Kisha mishipa hujifunga, na maji yaliyotoka hurudi.

Kwa kuwa ratiba inajulikana, tiba yake ni kumpa mgonjwa maji kwa wakati unaofaa na kwa kipimo kinachofaa. Anayeweza kunywa hunywa. Aliyezidiwa hutundikiwa dripu ya maji yenye chumvi, kidogo kidogo, huku akipimwa kila mara. Maji yakiwa machache, moyo hukosa cha kusukuma. Yakizidi, au dripu ikiendelea wakati maji ya mwilini yameanza kurudi kwenye mishipa, moyo hulemewa na mapafu hujaa maji. Mwaka 1975, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliojengwa juu ya kazi ya daktari huyo na wenzake. Mahali ambapo mgonjwa anafika mapema na kuangaliwa hivyo, vifo vimeshuka chini ya mmoja kati ya kila wagonjwa 100. Mpaka leo hakuna dawa ya kuua kirusi cha dengi. Waliopona, wamepona kwa maji, kipimo na mtu anayekesha kando ya kitanda.

Kwa hiyo, akina mama, akina baba, na vijana mnaolea wadogo zenu, tuyachukue haya nyumbani.

Kwanza, homa yoyote ipelekwe kupimwa malaria. Malaria ndiyo inayoua wengi katika maeneo yetu, na ina dawa. Ikionekana, meza dozi yote. Ikiwa haikuonekana na homa inaendelea, usinunue dawa ya malaria kwa kubahatisha. Rudi kituoni, uwaeleze ni siku ya ngapi.

Pili, hesabu siku. Weka alama ukutani kila asubuhi tangu homa ilipoanza. Homa ikishuka siku ya tatu, ya nne au ya tano, usimwache mgonjwa peke yake kwa siku mbili zinazofuata. Mwombe jirani akushikie nafasi kwenye foleni.

Tatu, zijue dalili za kukimbilia kituo cha afya, hata kama homa haipo: maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi, puani au katika choo, mikono na miguu ya baridi, kupumua kwa shida, mkojo kuwa kidogo, mtoto kulegea sana au kuhangaika bila kutulia. Ikionekana moja tu kati ya hizo, nenda. Kama ni usiku, amsha majirani, mtafute mhudumu wa afya ya jamii.

Nne, kwa homa na maumivu tumia paracetamol kwa kipimo ulichopewa. Usimpe aspirini, ibuprofen wala diclofenac, wala usikubali kuchomwa sindano ya maumivu mtaani. Dawa hizo huzidisha kutoka damu kwa mwenye dengi.

Tano, mnyweshe mara kwa mara, kidogo kidogo: maji safi, uji mwepesi, maji ya chumvichumvi ya ORS. Ukiona anakojoa kama kawaida, ni dalili nzuri.

Na sita, mbu. Huyu wa madoa hapendi dimbwi chafu. Anapenda maji safi yaliyotulia, yaani yale tuliyoyapanga foleni kuyapata. Hutaga mayai ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi na bado yakaanguliwa yakilowa. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Funika kila chombo, na mara moja kwa wiki kisugue ndani kwa brashi au mchanga. Makopo na matairi yanayokinga mvua yaondolewe. Na kwa kuwa anauma mchana, mtoto mchanga anayelala mchana naye alale ndani ya chandarua.

Tunarudi kwa mama yetu wa mfano. Safari hii anajua. Siku ya nne asubuhi homa imeshuka, anamshukuru Mungu kama kawaida, na anaweka alama ya nne ukutani. Dumu anampa jirani. Anakaa kando ya mwanawe na kikombe cha maji, anamgusa mikono kila mara kuona kama ina joto. Ikipoa, anajua pa kwenda.

Mimi nawatakia afya njema. Tukutane tena katika kipindi kijacho.

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, KISHA UNAISHA)

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Kwa nini saa za hatari katika dengi huja baada ya homa kushuka?

2. Katika mtaa wenu, nani anaweza kumsaidia mzazi asiyeweza kumwacha mgonjwa ili kwenda kuchota maji au kupanga foleni ya chakula?

3. Hesabuni vyombo vyote vinavyokaa na maji kuzunguka nyumba zenu. Vingapi vina kifuniko? Vingapi vilisuguliwa wiki hii?